Kikombe Kimoja, Mikono Minne: Kisa cha Paka Mnene Aliyeacha Kula

Kwa nini naandika

Paka wa kisa hiki aliletwa kwangu kuchanjwa tu. Wiki nne baadaye alikuwa amelazwa, sikio limegeuka manjano kwa ndani, na sehemu ya lawama ilikuwa yangu. Naandika kwa sababu ushauri niliompa mwanzoni ndio ule ule ambao karibu kila mwenye paka mnene huupata: "mpunguzie chakula." Familia imeridhia nisimulie. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa.

Usuli

Ni nyumba ya ghorofani, Dar es Salaam, yenye watu sita: baba, mama, watoto watatu na bibi mzaa baba. Paka ni dume wa miaka 6, alihasiwa akiwa mdogo, na hatoki nje zaidi ya varanda. Paka akishahasiwa, mwili wake huhitaji nishati pungufu, kwa wengi kama robo hivi, ilhali hamu ya kula inapanda. Hilo huwa tunalisema siku ya upasuaji, mtu anaitikia, kisha linasahaulika kwa sababu siku hiyo kinachomhangaisha ni kidonda.

Kadi yake ilionyesha kilo 5.3 miaka mitatu nyuma. Siku ya chanjo mzani ulisoma 7.1. Mbavu sikuzipata mpaka nibonyeze kwa nguvu. Ukimtazama kwa juu hana kiuno, na akitembea kitambi kinayumba kushoto na kulia. Kwa kipimo chetu cha unene cha alama 9, ambacho 5 ndiyo hali nzuri, nilimpa 8.

Kuhusu chakula walinieleza hivi: chakula kikavu cha dukani, "kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni", basi. Nilikubali jibu hilo, na hapo ndipo nilipopotea.

Ushauri wa kwanza na ulikoishia

Nilimwambia mama ampunguzie kama robo. Kwenye kadi nikaandika "apunguzwe chakula". Sikuuliza robo ya nini, wala nani mwingine anamlisha. Sikuandika hata gramu moja.

Wiki tatu baadaye walirudi. Kilo 7.2. Mama aliapa kwamba wamepunguza, na alisema kweli kwa upande wake. Nilikuja kuelewa baadaye kilichokuwa kikiendelea. Baba alipunguza kikombe cha asubuhi. Mtoto wa kati, akirudi shule na kukuta bakuli tupu, alidhani paka amesahauliwa, akajaza. Na bibi alikuwa na yake. Paka alikuwa akimwamsha saa kumi usiku kwa kulia, naye alikuwa na bakuli dogo la dagaa chini ya kitanda. Asubuhi alimpa maziwa kwenye kisosi. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alijua mkono wake tu.

Mimi nilirudia yale yale kwa sauti ya juu zaidi: kazeni. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo lililotuingiza hatarini, kwa sababu mama alikaza kweli. Aliambiwa na mtu dukani kwamba chakula cha mbwa hakina mafuta mengi, akanunua kilo mbili za kupima kutoka gunia lililo wazi, bei karibu nusu ya kile cha zamani. Siku hiyo hiyo dagaa, maziwa na chakula cha zamani vyote vikakatwa. Bibi akakatazwa. Paka alinusa, akaparua sakafu kando ya bakuli kama anayefukia kinyesi, akaondoka.

"Njaa ikimbana atakula," walisema. Kwa mbwa mwenye afya mara nyingi huwa hivyo. Kwa paka mnene ni kauli inayoua.

Siku ya nne

Alipoletwa alikuwa ametapika mara mbili, udenda unamtoka, ngozi ya shingo ukiivuta inachelewa kurudi. Kilo 6.8. Nilipogeuza sikio kwenye mwanga wa dirisha, ngozi ya ndani ilikuwa na rangi ya manjano hafifu, na fizi vivyo hivyo. Damu ilionyesha bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini hupaswa kuiondoa, imepanda na kimeng'enya cha ini kiitwacho ALP kimepanda sana.

Huo ni ugonjwa wa ini kujaa mafuta. Paka ni mla nyama kamili. Ini lake limezoea kuunguza protini kila siku, na protini isipoingia halijui kupunguza kasi. Asipokula, mwili unafungulia akiba ya mafuta, mafuta yanamiminika kwenye ini kuliko linavyoweza kuyashughulikia, na chembe za ini zinajaa. Ini lililojaa linamletea kichefuchefu, kichefuchefu kinamfanya asile, na kutokula kunaongeza mafuta. Kadiri paka alivyo mnene ndivyo akiba hiyo ilivyo kubwa. Siku mbili tatu bila kula zinatosha kuanzisha mambo.

Uamuzi haukuwa mgumu kitabibu. Tulianza dripu na kurekebisha potasiamu, tukampa vitamini B1 na B12, dawa ya kuzuia kutapika, kisha mpira mwembamba wa puani ili chakula cha majimaji kiingie. Siku ya kwanza tulimpa robo tu ya mahitaji yake, tukapandisha polepole kwa siku nne. Mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya damu huporomoka, na mgonjwa anaweza kufa akiwa ameshiba. Bibi alikuja kumwangalia siku ya pili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mngeniachia nimpe dagaa wake, asingefika hapa." Kwa siku zile nne, alikuwa sahihi. Nilimwambia hivyo.

Mpira wa shingoni

Hali ilipotulia, na baada ya vitamini K ili damu igande vizuri, tulimpa usingizi mwepesi na kumwekea mpira mnene kidogo unaoingia kupitia ubavu wa shingo hadi kwenye koo la chakula. Mpira huu paka anauvumilia wiki kadhaa, na mwenye paka anaweza kumlishia nyumbani. Familia ilifundishwa: chakula kilichosagwa kwenye blenda na kuchujwa, mililita 50 kwa sirinji, mara tano kwa siku, kikiwa na uvuguvugu wa kidole, polepole, kisha maji mililita 10 ya kusafisha mpira.

Walilisha hivyo siku 23. Mtoto wa kati, wa darasa la sita, ndiye aliyeshika daftari. Nimeliona: saa, mililita, jina la aliyelisha, ametapika au la. Ukurasa baada ya ukurasa hakuna pengo hata moja, hata usiku ule umeme ulipokatika na blenda haikufanya kazi ("Mama aliponda kwa kijiko akachuja kwa chujio la chai"). Siku ya 17 kuna mstari umepigiwa mstari chini mara tatu: *amelamba mwenyewe*.

Nilipokuwa nafunga daftari lile ndipo jambo liliponikaa sawa. Nyumba hii niliyokuwa nikiiona haiwezi kupima chakula ilikuwa imepima kila mililita kwa wiki tatu bila kukosea. Uwezo walikuwa nao tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa sijawapa kipimo.

Kuchagua chakula

Hatukugusa suala la uzito mpaka ini lilipopona, wiki nane tangu alazwe. Alikuwa na kilo 6.3, anakula mwenyewe, manjano imekwisha. Safari hii tulikaa wote sita na mimi, vyakula vyao vyote vikiwa mezani.

Cha mbwa kilitoka kwanza. Paka anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, kutoka kwenye chakula kwa sababu mwili wake hauitengenezi ya kutosha, wakati mbwa wengi hujitengenezea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini unalegeza na kupanua moyo wa paka, na kwamba wengi wanarudi hali nzuri wakiongezewa. Wakati huo hata vyakula vya paka vya viwandani havikuwa na ya kutosha, na viwango vilibadilishwa baada ya hapo. Pia paka hawezi kupata vitamini A kutoka kwenye rangi ya karoti, inabidi aipate iliyo tayari kutoka kwa mnyama. Na protini: kiwango cha chini kinachotumika Marekani ni asilimia 26 ya chakula kikiondolewa maji kwa paka mzima, yaani aliyekomaa, 18 kwa mbwa mzima. Mbwa akila cha paka ananenepa. Paka akila cha mbwa miezi mingi, anaumia mahali pasipoonekana.

Cha kupima kilitoka pia, hata kile cha paka. Sipingi muuzaji wa rejareja, najua mfuko mzima ni pesa nyingi kwa mkupuo. Lakini gunia lililo wazi halina tarehe ya kuisha, mafuta yake yanachacha kwenye joto la Dar, na zaidi ya yote lebo imebaki dukani. Bila lebo hakuna hesabu.

Bibi aliuliza kwa nini tusimpikie tu samaki na wali. Ni swali la haki. Lakini minofu ya samaki haina kalsiamu ya kutosha, taurini inayeyuka na kubaki kwenye maji ya kuchemshia, na baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anaweza kupikiwa, kwa mchanganyo uliopangwa na mtu anayejua lishe ya wanyama. Mchuzi uliobaki sufuriani ni kitu kingine.

Kilichobaki kilikuwa chakula kikavu chenye lebo na pakiti ndogo za chakula laini. Vile vya tiba vya kupunguza uzito ni vizuri, ila kwao vinapatikana mwezi huu na mwezi ujao havipo, na paka huyu sikutaka abadilishiwe chakula tena kwa lazima. Kwa hiyo nilitafuta maneno mawili kwenye mfuko: kwamba ni chakula *kamili*, si cha nyongeza, na kwamba ni cha paka *wazima*. Pakiti nyingi laini zenye picha nzuri ya samaki ni za nyongeza, ukigeuza nyuma imeandikwa kwa herufi ndogo.

Nishati haikuandikwa kwenye mfuko, ikabidi tuikokotoe. Kwenye kila gramu 100: protini 32, mafuta 12, nyuzi 4, maji 8, majivu (yaani madini) 8. Jumla 64, hivyo wanga ni 36. Protini na wanga unazidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5: 112 na 126 na 102, jumla kalori 340 kwa gramu 100. Mtoto wa darasa la sita aliifanya kabla yangu. Pakiti laini ya gramu 85 ilitupa kalori 71.

Kiasi gani

Jedwali la nyuma ya mfuko tuliliacha. Linakwenda kwa uzito alionao paka, na ukilifuata kwa paka mnene unaulisha unene wenyewe. Tulichukua uzito tunaoutaka, kilo 5.3. Ukizidisha 70 kwa uzito huo uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75 unapata kalori 245 kwa siku, nishati ya mwili ukiwa umetulia. Wengi wangeanza na asilimia 80 ya hiyo. Sikuthubutu. Ini lilikuwa limetoka kuugua juzi, nikaanza na 245 kamili.

Kisha nikawaomba kikombe chao. Ni kikombe cha plastiki cha bluu, kimepasuka mpini. Nikawapa baba, mama, mtoto wa kati na bibi, kila mmoja amimine "kikombe kimoja" kama anavyofanya nyumbani, nami nikapima. Mama gramu 58. Baba 74. Mtoto 81. Bibi, aliyejaza hadi punje zikamwagika mezani, 96.

Nyumba ilinyamaza. Kati ya kikombe cha mama na cha bibi kuna gramu 38, kalori 129: zaidi ya nusu ya chakula cha siku nzima cha paka huyu.

Nikamuuliza bibi kuhusu dagaa. "Mimi simpi chakula, mwanangu," alisema. "Mimi namwonjesha tu." Tuliuweka mwonjo ule kwenye mzani. Pamoja na maziwa ulikaribia kalori 150.

Mpango uliotoka pale ni huu. Kila usiku mtoto wa kati anapima gramu 46 za punje kwenye mzani wa jikoni wa kidijitali, anaziweka kwenye kopo lenye kifuniko. Yeyote anayetaka kumlisha, anachota humo. Kopo likiisha, siku imeisha. Pakiti laini ya jioni ni ya bibi peke yake, na dagaa pia ni zake: gramu 5, zilizolowekwa na kumwagwa maji, kwa sababu dagaa wa pwani huchemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa. Maziwa yalikwisha, kwani paka wazima wengi hawawezi kuyasaga. Chakula kipya kiliingia kwa siku 10, robo kwa robo ndani ya cha zamani. Na sharti moja nililoandika kwa wino mwekundu: asipogusa chakula saa 24, nipigieni simu, msisubiri.

Mama alitaka bibi aondolewe kabisa kwenye ulishaji. Nilikataa. Mtu anayeamshwa na paka saa kumi usiku atampa kitu, ukimruhusu au usimruhusu. Afadhali kitu hicho kiwe kimehesabiwa.

Matokeo

Lengo lilikuwa apungue kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito kwa wiki. Wiki tatu za kwanza alipungua gramu 40 tu, nikashusha hadi kalori 220, punje zikawa gramu 39. Akaanza kwenda vizuri: 6.2, 6.1, 6.0, 5.9.

Halafu akakwama kwenye 5.9 kwa wiki nne. Daftari lilikuwa safi, kopo lilipimwa kila usiku. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nyumba nzima iliamka kula daku, na paka naye akaamka, akawa anamegewa nje ya kopo. "Tule anatutazama?" aliuliza bibi. Hapana, wasile anawatazama. Tuligawa kopo upya, fungu moja wakati wa futari na fungu moja wakati wa daku, mchana hakuna. Kiasi hakikubadilika hata gramu. Wiki mbili baadaye alisoma 5.8.

Mwezi wa sita wa mpango alikuwa na kilo 5.4. Mbavu zinapatikana kwa kugusa tu. Amerudi kuruka juu ya friji, jambo ambalo familia ilidhani aliacha kwa uzee. Vipimo vya ini ni vya kawaida. Gharama ya kulazwa na mpira ilizidi bei ya chakula chake cha mwaka mzima.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kopo. Hesabu ya kalori ilikuwa ya lazima, lakini ni makadirio: paka wawili wa uzito mmoja wanaweza kutofautiana sana, na ndiyo maana tulianza na namba kisha tukaacha mzani wa paka utuongoze. Kopo liliondoa swali la nani kampa nini. Mtoto akikuta bakuli tupu aliangalia kopo, hakulazimika kukisia.

Kumpa bibi sehemu yake kulifanya kazi pia, ingawa nusu. Ramadhani ilionyesha kwamba nilipanga kwa ratiba ya siku za kawaida bila kuuliza mwaka wa nyumba hiyo unakwendaje. Ningeuliza, wiki nne zisingepotea.

Kilichoshindwa ni sentensi yangu ya kwanza. "Punguza chakula" ni ushauri wenye madhara mawili: kwa anayeupuuza haubadilishi kitu, na kwa anayeutii sana unaweza kumlaza paka wake. Mama alifanya mambo matatu kwa siku moja, aina, kiasi na ladha, kwa sababu mimi sikumwambia kwamba kila moja kati ya hayo hufanywa polepole. Sikumwambia pia kwamba paka mnene asiyekula ni mgonjwa wa dharura. Dakika mbili zingetosha kulisema.

Kuhusu kuanza na 245 badala ya 196, wenzangu wawili nilioshauriana nao wanaona nilipoteza wiki tatu. Huenda. Kwa paka aliyetoka kwenye manjano ningerudia vile vile. Kwa mnene asiye na historia hiyo ningeanza chini zaidi.

Sasa hivi hatumpunguzi tena. Punje zimerudi gramu 46, anapimwa mara moja kwa mwezi, na nikiona amepanda gramu 150 tutakaa tena mezani. Kikombe cha bluu waliniachia. Kipo juu ya kaunta, na kila anayeniambia paka wake anakula "kikombe kimoja" nampa amimine, kisha namwomba aliyekuja naye amimine pia.